Anwani Haisemi Uongo

Jaha, wallahi nimeduwaa. Muhdhar kasimulia mwenyewe, hapa kwenye matanga ya marehemu Kombe, huku akicheka!

Mwaka wa themanini na nane, kwenye kituo cha setilaiti Ngomeni, Kombe ndiye aliyewafundisha wenzake kompyuta. Alikuwa akiwaambia, "Jina la mtumaji hughushiwa, lakini anwani ya mashine, ile nambari ya kompyuta yake, haisemi uongo."

Basi Muhdhar, mmoja wa wanafunzi wake, akachapa amri zake, akaunda pakiti ya ujumbe, yaani barua ya kompyuta, kwa mkono, akaibandika anwani ya mashine ya bosi: KOMBE, UMEFUTWA KAZI.

Kombe akatazama anwani, akaweka funguo mezani, akarudi zake kwao Tezo. Hakuuliza. Hakuuliza mtu, Jaha!

Siku ya nne bosi akamfuta kweli, kwa utoro.

Kombe alipokuja kulia arudishwe, kitini mwake kakaa Muhdhar, akamwambia, "Mwalimu, si anwani haisemi uongo?"

Na sasa Muhdhar huyo huyo anaitisha sahani ya pili ya wali wa matanga.