Nani Atashika Kisu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi. Mlima haujaonekana siku ya nne leo. Kazini Nduruma, kwenye ghala la mboga, tumekagua maharage machanga tangu saa moja, wima, na kufika saa sita bega langu la kushoto limekufa ganzi kabisa. Zamda akaniona najikanda. Akanivuta nyuma ya makreti, akafungua simu. Tazama hapa, halafu uniambie.

Kliniki. Iko mjini hapa hapa! Picha za kabla na baada — matumbo, matiti, mashavu. Daktari mwenyewe anatabasamu, koti jeupe: Dk. Calvin Abdiel, daktari bingwa wa urembo wa mwili. Zamda anataka tumbo. Tangu amzae wa tatu, watu wanampongeza kwa mimba ambayo haipo. Juzi kampeleka mtoto hospitali kung'oa jino, mlinzi akamwelekeza kliniki ya wajawazito!

Mimi nataka yapunguzwe.

Nimeandika. Sijawahi kuliandika. Tangu darasa la saba nabeba matiti haya, sasa nina miaka thelathini na mitatu, na mabegani nina mifereji miwili ya kamba za sidiria ambayo haifutiki hata nikishinda bila kuvaa. Nilipomwambia mume wangu Lesian alicheka kwanza. Akaona mimi sicheki, akaacha. Akasema mwili ni wako, ila uulize vizuri. Kisha akaondoka na watalii wake kwenda Serengeti.

Nitauliza. Swali la kwanza: titi likipunguzwa, chuchu inabaki wapi? Sijui! Miaka yote hii ni langu na sijui.

Alhamisi, 5 Juni

Tumeenda. Nimempenda.

Dk. Calvin ni mpole. Hakunitazama vile wanaume wanavyonitazama, hata mara moja. Aliuliza mgongo unauma wapi, nalala upande gani, naweza kukimbia? Nikasema sijakimbia tangu shule. Akachora kwenye karatasi — mstari wa kuzunguka, mwingine wa kushuka — na chuchu inapandishwa juu ikiwa bado imeshikwa na nyama yake na mishipa yake. Haikatwi! Inahama na shina lake. Nikamwomba achore tena. Akachora tena, anacheka. Hakuna daktari aliyewahi kunieleza kitu mara mbili.

Zamda alikaa ndani dakika kumi tu. Katoka uso unang'aa. Wote tumepangiwa Jumamosi ya tarehe 21.

Jambo moja. Nilipokuwa nasubiri nilisoma ukuta. Vyeti vinne, fremu za dhahabu. Cha kwanza shahada ya udaktari, sawa. Cha pili leseni. Cha tatu cha ng'ambo, muhuri mwekundu, mwandiko wa kuringa. Nikasogea karibu. Kimeandikwa kwamba amehudhuria mafunzo. Siku tatu. Cha nne hivyo hivyo — siku mbili.

Mwaka jana tulipewa vyeti vya kuhudhuria semina ya usalama wa chakula. Hata dereva aliyelala nyuma tangu asubuhi mpaka chai ya jioni alipewa. Kuhudhuria naijua.

Labda vyeti vikubwa viko nyumbani kwake. Labda.

Jumamosi, 7 Juni

Idi kwa Zamda, Ngarenaro. Pilau, kachumbari, watoto na nguo mpya. Nilimsaidia kupakua jikoni nikaona ni nafasi. Nikamwambia kuhusu vile vyeti viwili.

Akasema leo Idi, Silantoi. Leo usinikagulie.

Nikaendelea kupakua. Pilau lilikuwa tamu.

Jumatatu, 9 Juni

Kumbe daftari la madaktari liko wazi mtandaoni! Mtu yeyote anatafuta. Nimekaa kantini muda wote wa chakula, ugali umepoa, nimesahau hata kula. Calvin Abdiel — hakuna. Abdiel Calvin — hakuna. Calvin peke yake — wengi, kutoka kila kona ya nchi. Nikakumbuka ile leseni ukutani nilipiga picha. Nikaikuza. Jina la tatu analo, ila kwenye tangazo halitumii. Nikaliweka. Huyo hapo! Picha ile ile, kijana zaidi, masikio yamechomoza.

Daktari. Usajili kamili. Mahali pa ubingwa, pale penyewe ninapopataka, hakuna neno.

Nikapiga simu Baraza la madaktari. Nilitegemea kuzungushwa. Akapokea mama mmoja mwenye mafua, akataka namba ya usajili, nikamsomea.

"Ni daktari huyu," akasema.

"Na ni bingwa?"

"Hapa kwangu haionyeshi ubingwa wowote."

"Kwa hiyo anaweza kupasua matiti?"

Akapiga chafya. Akaniambia upasuaji wa kurekebisha maumbile una mabingwa wake, ni wachache sana nchini, na wanasomea miaka mingi baada ya udaktari. Nimuulize mwenyewe amesomea wapi. Ni haki yangu kuuliza.

Haki yangu! Nimeliandika kiganjani kwa kalamu ya kazini. Limefutika nilipoosha mikono kuingia zamu.

Ajabu ni kwamba sina hasira. Nataka tu kujua. Kama si bingwa, wale wanawake wa kwenye picha walipasuliwa na nani?

Jumatano, 11 Juni

Nimemwambia Zamda yote. Tumegombana, kwa sauti ya chini kwa sababu ya msimamizi.

Anasema fundi wake cherehani naye hana cheti, na gauni zake zinamkaa. Nikasema gauni likikosewa linafumuliwa. Anasema mimi nina woga, natafuta sababu. Anasema watoto ameshawapangia kwenda Kondoa kwa bibi yao, likizo kazini imekubaliwa, hawezi kurudi nyuma kwa sababu ya mama mwenye mafua.

Kisha akasema kitu ambacho kinaniuma hadi sasa. Wewe ukivaa sweta kubwa watu hawajui. Mimi tumbo nalibeba mbele.

Siyo kweli kwamba hawajui. Lakini nimemwelewa.

Kuhusu woga — huenda ana haki kidogo. Nimejichunguza. Nikijua atakayenipasua kasoma, naenda kesho. Nadhani.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimefanya ujasiri. Nimekwenda Kijenge kwa mama mkwe.

Alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji miaka ishirini na sita, amestaafu juzijuzi. Hakuna mwingine ninayemjua aliyesimama mle ndani. Lakini mama mkwe! Wa kuzungumza naye matiti! Nikainamisha kichwa kwa salamu, akanigusa utosini, nikaketi, nikaanza: mama, kuna rafiki yangu kazini.

Akaendelea kuchambua dengu zake. Rafiki yako anataka kufanywa nini? Nikasema kupunguza, hapa. Nikaonyesha mbali na kifua, kama vile chake kiko hewani.

Hakushtuka. Akaanza kuniuliza yeye. Atakayepasua ni nani — si mwenye kliniki, mwenye kisu? Atakayemlaza usingizi ni nani, na anabaki chumbani mpaka mwisho au anatoa dawa anaondoka? Damu ikikataa kukatika, wana damu? Akichelewa kuamka anapelekwa hospitali gani, kwa gari gani, wamekubaliana nao? Nilikuwa nimehangaika na vyeti tu, kumbe kuna chumba kizima sijakikagua!

Akasimulia. Zamani waliletewa binti kutoka nyumba moja ya urembo, kakatwa na mtu mwenye mikono mizuri tu, mishono safi kabisa. Tatizo halikuwa mishono. Hapakuwa na mtu wa kutazama pumzi yake. Waliipigania siku mbili. Mama mkwe akaacha kuchambua hapo. Hakumalizia.

Wakati naaga akanishika begani, kidole gumba kikaingia moja kwa moja kwenye mfereji wa sidiria, juu ya sweta. Akausugua polepole.

"Mama Nashipae," akaniita kwa jina la mwanangu. "Huyo rafiki yako amechelewa sana kusema."

Nimelia njia nzima mpaka nyumbani Lemara. Si kwa huzuni.

Jumanne, 17 Juni

Nimerudi kwa Dk. Calvin, peke yangu, na karatasi ya maswali kumi na moja.

Hakukasirika! Hilo ndilo lililonichanganya. Alisoma karatasi yote, akaiweka mezani, akavua miwani.

Nikamuuliza: "Daktari, wewe ni bingwa wa upasuaji huu?"

"Hapana. Mimi ni daktari wa kawaida."

"Tangazo linasema bingwa."

"Ni vijana wa matangazo. Niliwaambia warekebishe."

Basi nani anapasua? Mwenzake, anatoka Dar kila Jumamosi ya tatu ya mwezi. Yeye hupokea wagonjwa, huwaeleza, huwahudumia vidonda baadaye. Kwa hiyo ule mchoro mzuri, ile subira yote — ni ya mtu ambaye hatashika kisu. Na atakayeshika sijawahi kumwona wala yeye hajawahi kuniona. Nikamuuliza mwenzako anaitwa nani. Akasema atanitumia jina na namba ya usajili leo leo. Maswali ya usingizi na damu akasema mwenzake ndiye anakuja na timu yake, atayajibu yeye.

Mlangoni akaniambia mimi ni wa kwanza kumuuliza hayo. Miaka mitatu ya kliniki. Alisema kama mtu aliyekuwa akiyasubiri. Au nimejiwazia tu? Nimemtazama sana na sijui.

Alhamisi, 19 Juni

Jina lilikuja jana jioni. "Dk. Solomoni." Basi.

Solomoni nani? Nikamjibu naomba jina kamili na namba. Alama mbili za bluu, kasoma. Kimya. Nimetafuta Solomoni kwenye daftari: nimeacha kuhesabu. Mmoja ni wa macho.

Nimemwandikia Dk. Calvin kwamba Jumamosi mimi sipasuliwi. Hilo nalo kasoma.

Zamda anakwenda. Anasema kumbe si umeona, anakuja bingwa kutoka Dar! Nimemsomea maswali ya mama mkwe yote. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema insha'Allah. Nimemwomba nimsindikize. Akanishika mkono. Tukarudi kwenye maharage.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika kwenye benchi la kliniki. Saa mbili na nusu asubuhi. Zamda ameshabadilisha, gauni la kijani linalofungwa nyuma, soksi zake mwenyewe. Anasema ni baridi.

Nesi amepita na fomu za ridhaa. Kadi kifuani: Elihuruma. Dada mwenye sauti nzuri. Kaleta mbili! Nikasema mimi nimemsindikiza tu, mimi nilijitoa. Akatazama orodha yake. Jina lako lipo dada, wewe ni wa pili.

Kwa hiyo ujumbe wangu ulisomwa ukaachwa hapo hapo.

Nimeisoma fomu yote. Kurasa tatu. Nakubali, naelewa, nimeelezwa na nimeridhika. Ukurasa wa tatu, chini: Jina la daktari mpasuaji — nukta nukta tupu. Namba ya usajili — nukta. Jina la mtaalamu wa usingizi — nukta. Nikachukua ya Zamda. Hivyo hivyo. Na sahihi yake imeshakaa chini ya hizo nukta, yenye mkia mrefu, ile anayosainia zamu.

Nikamwita Elihuruma. Dada, hapa hapajajazwa.

"Hujazwa baadaye."

"Baada ya nini?"

Hilo swali hajawahi kujiuliza, nimeliona likimwingia usoni. Akasema ngoja, akaingia mlango wa mwisho wa korido.

Nasikia sauti mbili za kiume. Moja ya Dk. Calvin. Nyingine siijui, nzito, inaongea haraka. Basi yupo! Kwa siku nne nilishaanza kuamini hakuna mtu kama huyo. Natamani kumwona. Kweli natamani! Akitoka hapo na jina lake lote na namba, na mtu wake wa usingizi, sijui nitafanya nini. Huenda nikaomba gauni.

Sauti zimepanda. Sasa zimeshuka.

Zamda ameichukua fomu yake mapajani mwangu. Anasoma. Midomo inacheza. Hakuwahi kuisoma, naona sasa — alisaini tu alipoonyeshwa. Amefika ukurasa wa tatu. Kidole kinafuata nukta, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Kaniuliza: mimi nimemkubalia nani hapa?

Mimi pia sijui.

Amesimama. Mkono mmoja umeshika gauni nyuma lisifunguke, mwingine fomu. Nikamwambia subiri nije. Kanionyesha kiganja: kaa. Amefika kwenye mlango. Amegonga.

Mlango haufunguki.

Anagonga tena.