Tangazo la Nne

Ngara Mjini, 14 Agosti 2001

Mpenzi Niyonzima,

Huku hatujambo. Mama anakuulizia tangu ulipotoka kambini kwenda kulima Nyamigogo, na maharage ya Mbuba yamekubali mwaka huu. Nimemaliza mafunzo ya kompyuta, sasa nina meza yangu ya matangazo karibu na soko. Mwalimu alisisitiza kwamba tangazo zuri lina maneno machache na uso mkubwa, ili hata asiyejua kusoma alielewe.

Nami nimemtii. Kuna bwana mmoja huniletea picha chakavu za wakimbizi wa kambini, anasema ni ndugu zake waliopotezana wakati wa kukimbia. Nazisafisha mpaka sura inakuwa kama ya jana, naye hunisifu. Matangazo matatu yalibandikwa, na wote watatu wakapatikana ndani ya wiki. Baada ya hapo hakuna aliyewaona tena. Wake zao wanakuja kuniuliza mimi.

Leo ameleta picha yako, ile ya kwaya. Nimekupanua pua, nikakufutia kovu la shavuni. Akainamia kioo cha kompyuta, akasema taratibu, "Binti, huyu siye. Mrudishe alivyokuwa."

Amekaa nyuma yangu kwenye benchi, haoni vizuri karatasi hii, anadhani naandika maneno ya tangazo. Barua hii ataileta Bulugu, yule anayeswaga ng'ombe wa mnada. Ukiipata, ondoka Nyamigogo siku hiyohiyo. Mimi nitaendelea kukosea kadiri nitakavyoweza.

Wako,
Yuster