Mwanasesere wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Wifi kaja leo! Kwa miguu yake mwenyewe, baada ya miaka miwili ya kununiana. Kaingia karakana, kaweka mwanasesere mezani — yule anayezungumza, wa marehemu mama mkwe, mkongwe kuliko sisi sote. Eti hendeli ya mgongoni haizunguki. "Mtengeneze, wifi. Fundi ni wewe." Fundi ni mimi! Nilitamani kumrukia nimkumbatie. Nikajikaza.

Jumatano, 6 Machi

Nimemfungua mgongo. Springi imekatika, mkanda umeoza. Hayo madogo, hadi mchana nimemaliza. Kisha kiherehere changu — nikaona kisanturi chake cha nta, kile kinachotoa sauti, kina ukungu, nikakipangusa kwa spiriti. Spiriti! Juu ya nta! Hata anayeanza kazi hafanyi hivyo. Nikazungusha hendeli: "Mama..." halafu mkwaruzo kama mlango wa kabati. Basi. Nimemuua.

Alhamisi, 7 Machi

Mume wangu anasema nimwambie tu dada yake ukweli. Rahisi kwake! Yeye ni damu yake, watagombana na watapatana. Mimi nikimkosa, nimemkosa.

Nimezungusha mara ishirini. "Mama" — krrrr. Nikawaza kusema aliletwa hivyo. Uongo wenyewe haukai hata mdomoni.

Jumamosi, 9 Machi

Wifi kafika saa nne. Sikungoja hata aketi, nikamwaga yote: spiriti, nta, ujinga wangu. Nisamehe, wifi, nimemharibu.

Akazungusha mwenyewe. "Mama" — krrrr. Akaangua kicheko mpaka akashika meza! Eti ndivyo alivyo siku zote. Eti yeye, akiwa na miaka sita, alimfungua mgongo na kuchokonoa santuri kwa pini ya nywele, amwone aliyemo ndani. Nikachukua lenzi. Kweli, mfereji wa pini huo hapo! Hofu ilinipofusha. Jamani, moyo wangu ulivyotua! Nikacheka huku machozi yananitoka.

Nikamuuliza, na mama mkwe hakukuchapa?

Kicheko kikakatika. Aliyechapwa ni kaka yake. Mume wangu. Wifi akatazama tu, na hajakiri mpaka leo — mwaka wa arobaini na moja huu.

Hapo hapo mume wangu kaingia na chai. Eti, mlikuwa mnacheka nini? Nikasingizia sukari, nikakimbilia jikoni. Naandika nimesimama. Mlango uko wazi, namsikia wifi: "Kaka, hebu weka hiyo chai chini kwanza."