Kabla Injini Haijarudishwa

Nyumbani,
Chumba cha uani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mpwa wangu,

Kuna jambo nimekuficha tangu siku tuliyomzika baba yako, na leo nimeamua kulitoa. Usiruke mistari kulitafuta. Niache nilifikie kwa mwendo wa mzee.

Kwanza salamu. U hali gani huko, wewe na mama watoto? Kile kifua chako kimepona? Mimi nakula kidogo na nalala nimekaa, maana nikijinyoosha pumzi hukata. Daktari amekuwa mpole mno siku hizi. Zamani alinigombeza kwa sigara. Sasa ananiuliza habari za ujana wangu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mama yako ni mzima. Chumba chako bado anakifagia kwa mkono wake, na bado hataki utajwe mezani. Hakuchukii, mwanangu. Alihitaji wa kumlaumu, akapewa wewe.

Sasa swali lako. Mdogo wako alikuomba shauri kuhusu lile trekta dogo la kukatia majani, injini ifumuliwe au inunuliwe nyingine, nawe ukanitupia mimi kwa kuwa nilifundisha ufundi maisha yangu yote. Injini ameshaishusha. Iko juu ya meza bandani, imefunikwa shuka. Fundi aliyemleta tunamwita Kimya, kwa sababu hanyamazi.

"Mzee, hii haijafa, imechoka tu," aliniambia, kidole kikiwa ndani ya silinda.

"Na mimi je?"

"Wewe, mzee wangu, spea zako hazitengenezwi tena."

Tulicheka wote, ila mimi nikamalizia kwa kukohoa.

Kimya yuko sahihi. Bloku haina ufa. Silinda ichongwe kidogo, ipewe pistoni na ringi mpya, itavuta kuliko ilivyovuta enzi za baba yako. Injini mpya matundu yake hayalingani na fremu. Itabidi kukata na kuchomelea. Basi ifumuliwe, hilo ndilo jibu. Nililijua tangu mwanzo, lakini mwezi mzima nimeng'ang'ania inunuliwe mpya, hadi mdogo wako akashangaa: "Mjomba, si wewe uliyetukataza kutupa hata skrubu?"

Nilitaka mpya kwa sababu ingekuja na nyaya zake, na zile za zamani zingetupwa.

Chini ya kiti cha trekta kuna swichi. Dereva akiinuka, injini inazimika. Baba yako aliizoea mno. Hakugusa ufunguo wala breki ya mkono. Alishuka tu, na mashine ikanyamaza. "Linamjua bwana wake," mlikuwa mkisema. Alipokonda baada ya yale maradhi, swichi ikawa haiusikii uzito wake, na injini ikamzimikia kila alipopita kwenye kishimo. Akaniomba nitengeneze. Sikutengeneza. Niliziunganisha nyaya mbili ili swichi isiwe na kazi tena, nikakusudia kumwambia jioni ile. Wageni wakaja, nikasahau.

Kesho yake alishuka kwenye mteremko kuondoa mpira wa maji, akalipa trekta mgongo. Likamfuata hadi kwenye ule ukuta wa mawe unaoujua.

Juzi nilimwona mdogo wako amekalia kile kiti, trekta halina injini, akimwigia binti yake mlio kwa mdomo. Mtoto alisimama mbele akicheka. Kisha baba mtu akaruka chini bila kugusa kitu. Vile vile kabisa. Na Jumamosi injini inarudi, ikiwa na nguvu mpya. Nimemwambia nyaya zikaguliwe kwanza. Ameitikia kama watu wanavyomwitikia mgonjwa. Mwambie wewe. Wewe hatakuitikia kama mgonjwa. Mama yako nitamsomea barua hii leo, kabla sijapata nafasi ya kuogopa.

Nisalimie mkeo, na yule mtoto wenu anayenichorea magari yenye kope. Shangazi yako anakusalimu sana. Mungu akuweke, akuzidishie watoto wenye kuuliza maswali, na akupe ujasiri wa kuwajibu mapema kuliko mimi.

Nimelifikia. Wote walisema breki ya mkono iliachia, na breki hiyo ulikuwa umeitengeneza wewe wiki ile. Walisema hivyo kwa kuwa walikuta mkono wa breki umevutwa juu. Lakini mimi ndiye niliyefika wa kwanza, mpwa wangu. Injini ilikuwa bado inanguruma, na mkono wa breki ulikuwa chini. Nilizima, nikauvuta juu, ndipo nikapiga kelele kuita watu.

Mjomba wako, aliyekupenda na kukunyamazia.