Kwa Kaka Idi, Kuhusu Picha ya Shingo Kutoka Chemba

Kaka Idi, shikamoo.

Tangu tukuzike Kolo sijakuandikia. Leo nina habari ya kazi, na wewe ndiye ungeielewa bila kuniuliza mara mbili.

Unakumbuka chumba chako cha Miyuji, pale Dodoma, nilipokuja likizo unifundishe kompyuta? Niliandika amri, skrini ikajibu kwamba amri haijaonekana. Nikadhani programu imefutika. Ukacheka. "Haijafutika. Kompyuta inatafuta kwenye mafolda iliyoelekezwa tu. Yakiisha, inaacha. Iulize inatafuta wapi." Ukaniandikisha `echo $PATH`, ikayataja mafolda hayo, na kweli folda lenye programu ile halikuwamo.

Njia za mtandao ulinifundisha kwa safari ya nyumbani. "Ukitoka Kolo kwenda Dodoma unapita wapi?" Nikataja Kondoa, nikataja Chemba. "Basi `traceroute` inakutajia vituo vinavyopitiwa na data, vivyo hivyo. Ikinyamaza, angalia imenyamazia wapi."

Sasa sikiliza. Kwenye kituo cha afya cha Chemba, ninakohudumia kompyuta, aliletwa fundi aliyeanguka kutoka juu ya paa. Alikuwa anaongea, anataka akae. Eksirei ikapigwa, lakini picha ikagoma kwenda kwa daktari wa mifupa Dodoma. Tuliipiga picha kwa simu, ikatoka ukungu mtupu. Mkewe, mama Neema, akasema, "Tumpakieni kwenye gari jamani, tunachelewa." Dereva alishawasha gari.

Niliandika `traceroute`. Nyota tupu, yaani hakuna jibu, tangu kituo cha kwanza. Nikaandika `ip route`, nione data zinatokea mlango gani. Amri haijaonekana! Ndipo nikakumbuka kuiuliza inatafuta wapi: folda la `/sbin`, lenye amri hiyo, halikuwamo. Nikaandika njia kamili, `/sbin/ip route`, ikajibu. Kompyuta ilikuwa bado inapeleka kila kitu kwenye ruta ya zamani, kisanduku cha mtandao tulichoking'oa jana yake. Nikaifuta njia hiyo, nikaweka anwani ya ruta mpya.

Picha ikaondoka. Hata sijainuka kitini, daktari akapiga simu. "Asiinuliwe! Shingo imevunjika. Mvisheni kola ya shingo, mlazeni kwenye ubao, ndipo mumlete, tena polepole."

Mama Neema alikaa chini sakafuni. Mimi nilitoka nje nikalia kidogo, kisha nikarudi kusaidia kushika ubao.

Alifanyiwa upasuaji Dodoma. Sasa anatembea, ingawa kupanda paa amekatazwa. Juzi mkewe alikuja ofisini na kuku. Akaniuliza kazi hii nilifundishwa na nani.

"Kaka yangu."

"Yuko wapi?"

Nikasema yuko Kolo.

"Basi ukienda, mwambie mama Neema anamsalimu sana."

Salamu ndizo hizo, kaka, nimezifikisha. Mungu akulaze pema.

Mdogo wako wa mwisho