Kipimo Kilichomtaja Immakulata

MAELEZO YA SHAHIDI
Kasulu, tarehe 15/06/2014, saa 3:10 asubuhi
Jina: Ildefonsi Nduwayezu. Umri: miaka 44. Kabila: Muha. Dini: Mkristo. Elimu: darasa la tano. Kazi: biashara ya saa, miwani na vipimo vya afya vya nyumbani. Makazi: karibu na soko, Kasulu.

Mimi ni mtu ninayejulikana hapa mjini. Nimefika Bujumbura, Lubumbashi na Dar es Salaam. Dar ndiko nilikonunua vipimo vya tumbo dazani mbili. Unachoma kidole, unadondosha damu kwenye kadi yenye vyumba vinne: maziwa, maharage, mayai na ngano. Chumba kikiwa chekundu, chakula hicho mwili wako unakikataa. Karatasi ya maelekezo ni ya Kiingereza. Wateja nimewaambia naisoma.

Mnamo tarehe 12/06/2014 saa 10 jioni nilimpima Mwalimu Loyce nyumbani kwake. Ni mgeni kutoka Mara, na tumbo lilikuwa linamjaa na kumkata tangu Pasaka. Tukisubiri nikampigia stori za Lubumbashi, na stori zangu si fupi. Tulipokumbuka kadi, saa nzima imepita na vyumba vyote ni vyekundu. Muuzaji wa Dar alinionya: dakika kumi, ikizidi tupa. Sikutupa, nikamkataza vyakula vyote vinne. Maziwa, maharage na mayai Mwalimu hununua kwa jirani yake Immakulata, mjane. Nikatania, "Mwalimu, mwili wako haumtaki Immakulata!" Tukacheka. Mama mmoja aliyekuja kuomba chumvi alisikia. Yeye hakucheka.

Tarehe 14/06/2014 saa 8 mchana nilikuwa kwa Immakulata nakula ndizi kwa maharage. Mwalimu alipita kumsalimia. Immakulata akamimina mtindi, akaonja kwanza kama ilivyo desturi yetu, akampa. Mwalimu akasema, "Samahani mama, nimekatazwa." Kwetu ukikataa kikombe alichokionja mwenye nyumba, umesema kina sumu. Mwalimu hakujua, akaenda zake. Wateja waliokuwa uani walijua. Waliondoka bila maziwa.

Saa 9 watu kama arobaini walizunguka nyumba. Mlango wakaufunga kwa nje kwa waya. Jiwe likapiga bati. "Mchawi! Kipimo kimemtaja!"

Longinus wa bodaboda akaniita, "Kaka Ildefonsi, pita dirishani wewe. Yeye abaki."

Dirisha lilinitosha kabisa. Sikupita.

Immakulata alikaa chini, kikombe bado mkononi. "Mana yanje, Mungu wangu, nimewakosea nini?"

Nikawatangazia kwamba kadi ya Mwalimu ilipitiliza muda na mimi nilidanganya. Wakasema namtetea kwa sababu nakula kwake. Basi nikatoa kadi mpya, nikajichoma mbele yao, nikaiweka dirishani. "Subirini saa nzima. Tumbo langu mnalijua, halijawahi kukataa kitu!" Wawili watatu wakacheka.

Nilikuwa na saa nane za kuuza begini, na zote niliona kama zimesimama. Dakika kumi, kadi nyeupe. Baada ya saa nzima, vyumba vyote vyekundu. Longinus akachungulia. "Hata ngano? Huyu jana kala chapati sita!" Akafungua waya mwenyewe. Watu wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyeomba radhi.

Immakulata akanimiminia mtindi. Safari hii hakuonja. Nilikunywa mpaka chini, naye hakuniangalia.

Nimesema ninachokijua, na kile ambacho nisingependa kukisema. Nimesomewa, ndivyo nilivyosema.

Sahihi: I. Nduwayezu

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Ghati, na kumsomea shahidi. Amekabidhi kadi tisa. Nimemjulisha kuwa haondoki kituoni. Ataandikiwa maelezo mengine kama mtuhumiwa. Ameuliza tu nani leo atanunua maziwa kwa Immakulata.