Kwa Mama, Aliyemsubiri Bibie

Mwaka umetimia tangu ulipotuacha, Mama, na bado mtu akipiga mluzi uani tunageuka tukidhani ni wewe.

Zizini walikuita Bi Taratibu. Farasi mchanga ulimfundisha kwanza kusimama tu, apumue, akuzoee. Kisha kuzunguka duara pana kwa kamba ndefu. Tandiko lilingoja, na mtu mgongoni alingoja zaidi. "Bado mtoto huyu," ulisema, "mifupa haijakomaa."

Nyumbani uliingia na majani makavu kwenye nywele. Baba akilalamika kwamba farasi wanabembelezwa kuliko yeye, ulimjibu, "Nawe ukikubali kupigwa brashi, sema."

Hatumsahau yule farasi jike mwekundu aliyeletwa na kovu mdomoni, akitetemeka kila akiona mkono umeinuliwa. Kwao walimwita Kisirani. Wewe ukamwita Bibie. Mwenye farasi alitaka aingie mashindanoni msimu uleule.

"Mkaze hatamu, atainamisha kichwa tu."

"Atainamisha kwa maumivu," ulimwambia. "Kama una haraka, mchukue. Mimi simkazi."

Tulijua ulivyompenda; roho zilitupaa. Yule bwana alimtazama Bibie, aliyekuwa amekuegemezea kidevu begani. "Basi, kaa naye," alisema.

Ugonjwa ulipokukataza kupanda, tulikuwekea kiti kando ya uwanja, ukampandisha binti yako juu ya Bibie. Siku moja alivuta hatamu kwa hasira.

"Shuka, mwanangu. Umenikasirikia mimi kwa kuumwa. Bibie hana kosa."

Alishuka, akaja kulia mapajani mwako. Ulimfuta machozi kwa kitambaa cha kusugulia tandiko, kilichojaa dawa nyeusi ya ngozi, akabaki na uso mweusi tii, mkacheka mpaka mkashika mbavu.

Hukuwahi kumwona Bibie akihitimu, basi tukusimulie. Juzi, hatamu zikiwa zimelegea, aliinamisha kichwa mwenyewe, akainua miguu kwa zamu palepale aliposimama, bila kusonga mbele, mwepesi kama anayecheza ngoma anayoisikia peke yake. Hakuna aliyemlazimisha. Mwenye farasi alivua kofia. Binti yako alishuka, akamkumbatia shingo, akataka kumsifu. Akaangua kilio. Bibie alisimama kimya, akamngoja amalize kulia.

Unakumbukwa na mumeo, binti yako, mwanao mtengeneza kwato, dada yako, wajukuu wako na wenzako wote wa zizini. U moyoni mwetu, Mama, siku zote za maisha yetu.